Simu Yangu Imehamia Burundi na Mjukuu Anangoja Jina

Mwamgongo,
Ijumaa, baada ya swala.

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Simu (jina nimelisitiri kwa adabu, wenyewe mnajijua),
Kigoma Mjini.

Mheshimiwa,

YAH: KUPOTEA KWA MTANDAO NA OMBI LA KUSOGEZA SIKU YA SABA

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na mitambo yako. Mimi ni mzima upande wa mwili tu. Naitwa Chande Mrisho, mzaliwa wa Ujiji, mkazi wa Mwamgongo mwaka wa thelathini na mbili sasa, kazi yangu kushona nyavu. Si mtu wa kulalamika, muulize yeyote hapa kijijini isipokuwa mwenyekiti.

Ningepiga ile namba yenu ya bure ya malalamiko, lakini inataka mtu awe na mtandao, na huo ndio ninaoulilia. Nimeona niandike kwa mkono.

Jumatatu mwanangu Safina, aliyeolewa Gungu, huko huko mjini kwenu, alijifungua mtoto wa kike. Ni mjukuu wangu wa kwanza. Siku ya posa tulikubaliana mbele ya mashahidi kwamba mtoto wa kwanza akiwa wa kike, jina litatoka kwangu, na litatangazwa siku ya saba kwenye akika. Siku ya saba ni Jumapili hii. Jina ninalo. Nataka aitwe Saumu, jina la marehemu mke wangu, aliyetangulia mbele ya haki mwaka juzi. Nilimuahidi akiwa kitandani, na sikumuahidi kwa utani. Sasa soma yaliyonipata.

1. Jioni ya Jumatatu alinipigia mkwe wangu Ashraf, mume wa Safina. Akasema, baba, tupe jina. Nikasema mtoto aitwe Saumu, na hapo hapo koo likanibana kidogo, ni vumbi la nyavu hilo. Nilipotulia nikakuta simu imekatika. Sijui kama jina lilifika Gungu au lilizama ziwani. Mheshimiwa, mnakataje simu kwenye jina la marehemu? Hamkuona neno jingine la kukatia? Sikuhangaika kupiga tena, maana simu isiyo na mtandao haipigiki, hilo liko wazi. Nikaingia kwenye matengenezo moja kwa moja.

2. Taratibu zote za matengenezo nimezifuata, usije ukaniambia nizime niwashe. Jirani yangu Mama Verediana, muanika dagaa, ndiye bingwa wa simu upande wetu kwa kuwa aliwahi kukaa mjini mwaka mzima. Alisema nizime niwashe, nikafanya. Alisema nitoe laini niipulize, nikaipuliza mpaka nikashikwa na kizunguzungu. Alisema nibonyeze alama ya ndege kisha niiondoe, nikabonyeza mara saba, ingawa Mwamgongo hatuna ndege wala pa kuitua. Nikapanda nayo mlimani nyuma ya shule, nikashuka nayo. Mwisho tukasema labda ni unyevu, nikaianika kwenye kichanja cha dagaa kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Sasa inanuka, na paka wa Verediana hatoki mlangoni kwangu.

3. Jumatano Verediana akanipeleka kwenye mipangilio, mahali pa kuchagua mtandao. Yakatokea majina matatu. Lenu lilikuwa na mstari mmoja, la nchi jirani lilikuwa na minne. Nikachagua minne, kama mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kidole kilikuwa changu lakini majaribu yalikuwa yenu. Papo hapo ukaingia ujumbe: Karibu Burundi. Mheshimiwa, nina miaka sitini na saba, sijawahi kuvuka mpaka, sina pasi ya kusafiria, na muda huo nilikuwa nimekalia kigoda changu mwenyewe. Simu imeondoka peke yake. Tangu hapo haipigi wala haipigiwi, iko huko inakula ugeni. Nilimuuliza mtendaji wa kijiji kama kuna fomu ya kuirudisha nchini, akaniambia nikapumzike.

4. Simu ilipohama iliondoka na saa yangu moja, kwa kuwa wenzetu wa Burundi wako nyuma kwa saa nzima. Wiki hii mbalamwezi imewaka, dagaa hawafuati taa, wavuvi wamepumzika, mitumbwi imevutwa mchangani. Boti la abiria kwa sasa ni la Jumatatu na Alhamisi tu, linaondoka saa kumi na mbili alfajiri. Jana Alhamisi nilitaka kwenda Gungu kulisema jina kwa mdomo wangu. Adhana ilipolia nikatazama simu, nikamlaumu mwadhini kwa haraka zake. Nikaswali, nikanywa uji taratibu, nikavaa kanzu. Nilipotoka nje kulikuwa kweupe, nikasema hiyo ni mbalamwezi. Nilifika ufukweni nikaliona boti liko mbali na watu wananipungia mkono. Kwa saa za Burundi mimi niliwahi.

5. Utauliza kwa nini nisiazime simu. Niliazima! Ya Verediana, ile ya tochi. Nikampigia Ashraf, hapokei namba ngeni, na hilo nilimfundisha mimi kwa sababu ya matapeli. Nikamwandikia ujumbe: Baba mkwe hapa, simu yangu mbovu, nipigie kwa namba hii, ni jambo la haraka. Akajibu: Mwizi mkubwa wewe, baba mkwe wangu namjua. Kisha akaizuia namba. Sasa Verediana naye ananuna, anasema nimemharibia jina mjini.

6. Hapa ndipo penye kidonda. Baba yake Ashraf ni Mzee Abdulmajid. Ni mtu mzuri, siwezi kumsema vibaya, ila ni mjanja. Siku ya posa alipewa nafasi aseme maneno mawili, akasema mpaka wali ukapoa. Yeye yuko Gungu, nyumba moja na mtoto, ana mistari minne ya mtandao ndani ya chumba cha kulala, na marehemu mama yake aliitwa Tabu. Unaona mambo yanakoelekea? Nisiposikika mpaka Jumapili atasimama, atakohoa, na mjukuu wangu ataitwa Tabu maisha yake yote kwa sababu ya mnara wenu. Na Saumu wangu nitamwambia nini?

Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, naomba simu yangu irudishwe nchini kwa gharama za kampuni. Naomba pia saa yangu moja, ikiambatana na boti nililolikosa. Na kwa kuwa barua hii itaondoka hapa na boti la Jumatatu, na wewe utaisoma siku ya saba ikiwa imeshapita, naomba kampuni itume ujumbe kwa wateja wote wa Gungu kwamba Jumapili hii haikuhesabiwa, na siku ya saba itakuwa siku nitakayofika mimi. Shehe akikataa, basi uzimeni mnara wa Gungu mpaka mababu wote tuwe sawa. Sioni kama nimeomba makubwa.

Wasalimie wafanyakazi wako wote, hasa yule dada anayesema mteja hapatikani, maana siku hizi anaongea na familia yangu kuliko mimi. Verediana naye anakusalimia kwa Kiha, anasema mwakeye. Paka hajambo.

Wako mwenye subira inayoelekea ukingoni,

Chande Mrisho,
Fundi nyavu na babu.

Nyongeza, Jumamosi asubuhi. Naandika mgongoni mwa bahasha kwa kuwa nilishaifunga. Ashraf amekuja na boti la kukodi kunichukua. Ameniomba radhi kwa lile la mwizi, nimemsamehe nusu. Ameitazama simu, amebonyeza mara mbili, imerudi Tanzania kabla chai yangu haijapoa. Anasema haikuwa na ugonjwa wowote mpaka tulipoanza kuitibu. Jumatatu sauti yangu ilikuwa kwenye spika na nyumba imejaa watu. Saumu walilisikia vizuri, kisha wakanisikia nalia. Mzee Abdulmajid ndiye aliyeichukua simu mkononi mwa mwanawe akaikata, watu wasimsikilize mtu mzima akilia, akawakataza wasinipigie mpaka nipoe. Waliponitafuta Jumatano sikupatikana, nilikuwa Burundi. Mtoto wanamwita Saumu tangu siku ile, na wa kwanza kumwita alikuwa Abdulmajid. Lile la vumbi la nyavu naomba ulifute, na mnara wa Gungu msiuguse. Sasa napatikana, ila kesho mkinipigia sitapokea, nitakuwa nimembeba Saumu kwa mikono miwili.