Paji la Librado kwenye Kioo cha Bi Fredes

Jumatatu, 11 Machi

Bi Fredesvinda, jirani yangu ukuta kwa ukuta, kaletewa kishikwambi na mwanawe. Kutwa nzima kakiegemeza kwenye sufuria pale barazani, anaongea na sura ya mwanawe humo ndani kama kasuku. Nikapita. Akauliza mbona mimi sina. Nikampa usoni: kitu hicho si cha lazima. Hakifui, hakimenyi ndizi. Miaka sitini na minane nimeishi bila hicho na meno ninayo. Akasema ninayo manne. Akaongeza kwamba hata ningepewa nisingekiweza, shule sikuiona. Kweli sikuiona. Herufi nilifundishwa na marehemu mume wangu, Librado, kwa maandishi ya magunia ya kahawa, na ndizo hizi ninazomsengenyea Fredes.

Jioni binti yangu Yubelkis akapiga kutoka Madrid kwenye kisimu changu cha vitufe. Nibariki, mama. Mungu akubariki, mwanangu. Ndivyo tunavyoanza, hata nyumba ikiungua. Akamsogeza mtoto. Nikamsikia anapumua, kama paka chini ya kitanda. Wamempa jina la babu yake. Nikauliza paji lake likoje. Akasema ni lile lile la baba, pana. Mume wangu ana miaka sita kaburini, na paji lake linatembea Madrid.

Katika ukoo wetu mtoto hupokea mkono wa bibi kwenye paji kabla arobaini haijapita. Arobaini ni Ijumaa. Ndege siipandi. Mkono ninao.

Jumanne, 12 Machi

Hila! Ni Kwaresima. Mji wetu wa Ocoa mzima unapika maharage matamu, na kila nyumba inampelekea jirani. Bakuli halirudi tupu. Anayerudisha tupu husemwa mpaka Krismasi. Nikachemsha, nikachuja, nikatia tui la nazi, viazi vitamu, mdalasini. Nikampelekea Bi Fredes bakuli kubwa la kutosha kuogeshea mtoto. Nikamwambia maharage ninayo tele, asihangaike kunirudishia maharage, atie chochote kilicholala pale mezani. Nikakitazama kishikwambi. Nikakitazama tena. Hata kipofu angeelewa.

Jioni bakuli likarudi. Maharage! Yake! Na zabibu juu, kunikoga. Nikala yote kwa hasira. Matamu mno. Sitamwambia.

Jumatano, 13 Machi

Hila ya pili. Nimemwambia Bi Fredes vioo vile huvuta husuda, aniachie chake siku tatu, nikikalishe karibu na sanamu ya mtakatifu wangu kisafishike. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, Viges, mwanamke wewe, kama unataka kumwona mtoto, sema unataka kumwona mtoto. Nikasema sitaki. Akasema haya.

Nikarudi kwangu. Nikafagia palipofagiliwa. Nikakumbuka ile pumzi ya kwenye simu. Nikavaa viatu, nikarudi, nikasimama mlangoni. Nikasema nataka. Akanivutia kiti. Akasema Ijumaa, njoo umeoga.

Ijumaa, 15 Machi

Arobaini. Nimeoga, tena mara mbili! Gauni la kanisani. Bi Fredes akabonyeza, akabonyeza, na mara mtoto! Paji! Librado mtupu, bila masharubu tu. Yubelkis akasema, haya mama, mbariki. Nikaweka mkono kwenye paji.

Giza. Katoweka. Nikapiga yowe, mbwa wote wa mtaa wakaitika. Bi Fredes akasema umekata mwenyewe, Viges, kitufe chekundu cha kukatia kiko chini kabisa ya kioo, kiganja chako kinakikalia. Usiguse kioo. Akapiga tena. Mtoto! Nikaweka mkono. Giza. Mara tatu. Akaniuliza masikio haya nimewekewa pambo? Nikamjibu: kumbariki mtoto bila kumgusa ni sawa na kulipungia basi.

Mara ya nne akanishika mikono yote miwili kwa nyuma, kama mwizi wa kuku. Yubelkis anacheka, analia, sijui. Akamsogeza mtoto mpaka paji likajaa kioo chote. Mikono sina. Nikainama, nikaweka paji langu juu ya lake.

Kioo kilikuwa na joto. Joto la mtoto kabisa. Nikasema Mungu akubariki, Librado, ukue, uwe mkaidi, uje kwenu. Sikuinua kichwa upesi. Nilipokiinua, giza.

Bi Fredes hakunitukana. Macho yake mekundu. Akasema ni vitunguu. Hapakuwa na kitunguu nyumba nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Yubelkis kapiga kwenye kisimu. Kasema baraka ilifika, mtoto kalala kama gogo. Kaniuliza aninunulie kishikwambi changu mwenyewe? Nikasema hapana. Nimekipima, nimekihukumu: si cha lazima maishani. Kinamfukuza mtu katikati ya baraka. Akasema, lakini mama, si usiweke mkono tu. Nikasema nitaweka. Akasema basi kitakata. Nikasema basi kikate.

Nikabana kisimu sikioni. Mtoto anapumua.

Nikamwambia kama lazima anunue, anunue kirefu, mtoto aonekane mpaka nyayo. Hilo paji nitaliacha, kwa kuwa lina matatizo. Nitamshika miguu, huko chini kabisa, ambako hakuna kinachoweza kuharibika.