Skwoshi, Bweni na Ndugu wa Babu wa Tisa

Jumatatu, 9 Juni

Siku nne tu! Ijumaa mwalimu anafunga orodha ya shule za Gredi ya Kumi. Mimi nataka moja: Shule ya Wasichana ya Mlimabaridi. Ina bweni, maktaba ya ghorofa mbili na viwanja viwili vya skwoshi. Viwili! Hapa Garissa nina ukuta wa nyuma wa ghala la baba. Raketi niliipata kwa abti Awil, kaka yake mama, anayeendesha gari la shirika la misaada Dadaab. Sheria nimezisoma kitabuni. Sijawahi kucheza na mtu.

Binamu yangu Nafiso, niliye naye darasa moja, alipita akauliza, "Abaayo, dada yangu, ukuta umekufunga mangapi leo?" Jibu zuri lilinijia baada ya saa mbili.

Tatizo: Alhamisi anakuja Adeer Dekow kutoka Takaba. Ni kaka mkubwa wa baba. Yeye ndiye husema neno la mwisho, kisha huomba dua, sote tunasema amin, na baada ya amin hakuna rufaa. Anataka niende mji anakoishi shangazi, Edo Khadijo. Shule ya huko haina hata mahali pa kuruka kamba. Nafiso ameshapangiwa kwenda, na hataki kuosha sufuria za edo peke yake.

Jumanne, 10 Juni

Kusema mbele ya Adeer siwezi. Nimemwandikia WhatsApp. Nimeeleza kwamba skwoshi ndio mchezo wenye stara kuliko yote: wasichana wawili, chumba kilichofungwa, kuta nne, hakuna anayewaona. Nilifuta mara kumi na moja. Nikatuma. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: mashallah, kumbe ni mchezo wa heshima. Ushindi!

Saa kumi jioni. Nafiso amemtumia picha kutoka tovuti ya shule. Ukuta mmoja ni wa kioo. Adeer alimpigia mama kumuuliza tangu lini dirisha likaitwa ukuta. Kisha swali nililoliogopa: huko milimani kuna mtu wetu? Msichana akiugua, nani atamfikia? Mama alinitazama. Mimi nikatazama mkeka.

Jumatano, 11 Juni

Kama kinachokosekana ni mtu, mtu atapatikana. Nimekaa asubuhi nzima na Ayeeyo Fatumo, bibi yangu, nikiwa na daftari. Anawajua wazee wa ukoo wote, wafu kwa walio hai, na nani alimnunia nani. Tulihesabu mababu kwenda nyuma, tukitafuta ndugu aliye Mlimabaridi; kwa babu wa nane hatukupata kitu. Kwa babu wa tisa tukampata bwana Dubow, mwenye duka la vitambaa Mlimabaridi, mkabala na lango la shule!

Niliandika hotuba ya kurasa tatu. Alipopokea simu nilisoma majina ya mababu tisa kwa pumzi moja, nikakata kwa aibu. Akapiga yeye. Alikuwa analia! Miaka kumi na minne yuko kwenye ile baridi na hakuna ndugu aliyewahi kumtafuta. Kesho atakuwa Garissa, akasema. Nilimwambia si lazima. Akaniambia nisimtukane.

Alhamisi, 12 Juni

Kikao. Nilikaa karibu na pazia na birika la chai ya maziwa ya ngamia. Dubow alifika na koti zito la milimani, jasho likimtiririka, na hakulivua. Dakika arobaini za mababu. Kisha Adeer akauliza habari za kioo. Dubow akacheka. Yeye ndiye hupeleka vitambaa vya sare shuleni. Hata bawabu ni mwanamke. Anayechungulia kwenye kioo kile ni msichana mwenzake anayengoja zamu. Adeer akaitikia kwa kichwa. Nafiso akaangusha kijiko. Nimeshinda, nikawaza. Nimeshinda!

Ndipo mama akataja bweni.

Dubow akaweka kikombe chini. Bweni? Binti yake, yaani mimi, alale kwenye kitanda cha chuma, na nyumba yake ipo ng'ambo ya barabara? Watu watamwonaje? Hapana, wallahi. Mkewe ameshatandika. Nitasoma kutwa. Saa kumi nitavuka barabara, niwafundishe hesabu watoto wake saba.

Skwoshi huanza saa kumi na moja. Maktaba hufunguliwa jioni kwa walio bwenini tu. Ratiba naijua kwa moyo. Nilikuwa na hoja sita, zote nzuri. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Niwaongezee chai?"

Adeer akainua mikono. Dua ilikuwa ndefu na nzuri sana. Amin. Nafiso aliisema kwa sauti kubwa kuliko wote.

Ijumaa, 13 Juni

Fomu imeenda. Mlimabaridi, kutwa. Nafiso ameniomba niusalimie ukuta, kwani utabaki mpweke.

Nimelitafakari kosa langu kwa makini, kalamu mkononi. Nimeliona. Dubow alikuwa ndugu mdogo mno! Dua ya Adeer Dekow inaweza kutenguliwa na mtu mmoja tu, naye ni aliyemzidi umri. Ayeeyo anasema yupo, Hagadera: Mzee Kulow, miaka tisini na moja, ambaye mbele yake Adeer hathubutu hata kukohoa. Mwalimu anasema marekebisho yanaruhusiwa hadi Jumatatu.

Nimempigia. Safari hii sikukata simu. Amefurahi mno! Nilipoanza kumweleza habari za bweni alinikatiza: mambo ya ukoo hayazungumzwi kwenye simu. Anakuja mwenyewe Jumapili, na wanawe wote wanane.

Mpango huu hauna hata tundu moja.