Muwa wa Mstari wa Tatu

Jumatatu, 4 Agosti

Miezi mitano nafunga miwa ya mstari wa tatu kwenye vigingi, hapa shamba la majaribio Bangwe. Leo ndiyo nimeuliza kwa nini. Dada Sia, mtafiti wetu kutoka Moshi, akaeleza: ukuta wa kila seli ya mmea umesukwa kwa nyuzi za selulosi, na jeni ndizo zinazoamuru nyuzi zisukwe. Jeni za mstari wa tatu zina hitilafu. Nyuzi chache, kuta dhaifu, muwa laini.

Laini! Nikaacha kumwagilia. Nikamfikiria Bibi Leonia wa Ujiji.

Bibi ndiye mwenye neno la mwisho juu ya mjukuu wake Honorata, ninayetaka kumwoa. Amebakiwa na jino moja, na muwa anaulilia. Mshindani wangu Feliksi ana mashine ya kukamulia miwa. Kila jioni anampelekea jagi. Bibi anakunywa, anashukuru, kisha anasema juisi si muwa. Muwa ni kutafuna.

Jumatano, 6 Agosti

Utafiti. Nimetafuna mstari wa tatu, kisha wa saba, ambao jeni zake zina bidii ya kupitiliza. Upande wa kushoto tu, nisipendelee. Wa saba ulinitoa machozi; makapi yalijaa kiganja. Wa tatu ukaisha mdomoni kama ndizi mbivu. Makapi: nusu kijiko.

Kumbe sayansi ni tamu hivi. Jeni zikizembea zaidi, je, muwa utanyweka kwa mrija ukiwa shambani? Sijalala vizuri kwa swali hili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimekata miwili ya mstari wa tatu. Dada Sia sikumwomba; ana mambo mengi. Vigingi vyake nimevifunga kamba vilevile, asishtuke.

Jumamosi, 9 Agosti

Ujiji. Feliksi yupo, na jagi lake. Nikamwamkia Bibi, nikamenya muwa mmoja. Akatafuna. Akafumba macho. Akasema hajaonja kitu hicho tangu marehemu babu yupo, akaniita mume wake mdogo. Honorata alinitazama mimi, si jagi. Nikatoa posa papo hapo.

Bibi akataka kunijibu akiwa amesimama, maana neno zito halisemwi umekaa. Akaushika muwa wa pili, akauegemea.

Ukakatika.

Feliksi alimdaka kabla hajafika chini. Juisi yote ikamwagika na hata hakuitazama. Bibi, akiwa bado mikononi mwake, akasema jibu ameshalipata.

Jumatatu, 11 Agosti

Dada Sia ameviona vigingi vitupu. Nikakiri. Hakufoka, aliuliza makapi yalikuwa kiasi gani, akaandika nusu kijiko kwenye daftari lake. Kisha akanihamishia kwenye kuosha ndoo. Akasema nyuzi zinazochosha meno ndizo hizohizo zinazousimamisha muwa. Ukizipunguza kwa jambo moja, umezipunguza kwa yote.

Nimeelewa kabisa. Nilikosea mstari tu.

Honorata ameniandikia kwamba wazee wa Feliksi wanakuja Jumapili. Bado siku sita. Nimeshaukata muwa wa mstari wa saba, mgumu kama nondo, panga limepata pengo. Utakuwa mkongojo wa Bibi maisha yake yote. Halafu utamu wake unaushinda ule wa tatu. Nitamwambia auonje kidogo tu, kwa lile jino lake.