Kibali cha Kudondosha Majani

Inatangazwa kwa umma, kwa wakulima, kwa wapita njia na kwa mimea yote inayohusika, ya kwamba kuanzia leo ni marufuku kwa mti wowote ulio ndani ya Msitu wa Mfano wa Lufingo kudondosha majani bila kibali cha maandishi.

Tangazo hilo lilizunguka Tukuyu mjini asubuhi nzima juu ya gari lenye spika. Lilipita sokoni, likapita stendi, wala halikumshangaza mtu. Watu walikwisha kuizoea Ofisi ya Nidhamu ya Misitu. Ni ofisi hiyohiyo iliyowahi kuupa ukungu onyo kali kwa kuziba mandhari siku ya wageni.

Aliyetia saini tangazo ni Bwana Asukile, Kaimu Mkuu wa ofisi hiyo. Alikuwa amekaimu tangu binti yake Neema hajaota meno, na sasa Neema alikuwa ameanza kuyang'oa. Kila mwaka aliambiwa uthibitisho wake uko mezani, ila hakuna aliyemwambia ni meza ya nani. Na hakukaimu kazini tu. Kwa Tulia, mama Neema, alikuwa mume kaimu vilevile. Mahari alipeleka, matangazo ya ndoa yakasomwa kanisani, kisha akaomba harusi ingoje kidogo, maana mtu wa hadhi yake hawezi kufunga ndoa akiwa bado kaimu.

"Baba Neema," Tulia alimwambia wiki ile, huku akimenya ndizi, "Mheshimiwa anakuja Jumamosi. Akikuthibitisha, na mimi unanithibitisha. Asipokuthibitisha, nachukua mwanangu tunarudi kwetu Igogwe. Nimechoka kusubiri."

Hakupandisha sauti hata kidogo. Hilo ndilo lililomtia Asukile baridi.

Mheshimiwa, mkubwa wa ofisi zote za namna hiyo, alikuwa anatoka Dodoma kuja kuukagua Msitu wa Mfano, ambao taarifa zote za ofisi zilisema ni kijani kwa asilimia mia moja, kiangazi na masika. Taarifa zilikuwa nzuri sana. Msitu ndio uliokwenda kinyume.

Tukuyu ukame si jambo la kuzoeleka. Huku mvua ni mtu wa nyumbani: inaingia bila hodi, inakaa mwezi baada ya mwezi, na wenyeji wanaisengenya kama shemeji asiyejua kuaga. Mwaka huo haikutokea. Oktoba ikapita, Novemba ikafika katikati, chai ikadumaa, migomba ikawa inakunja majani jua likipanda, na msituni miti ambayo hakuna aliyewahi kuiona uchi ikaanza kuvua. Upande wa juu, moto ulikopita Septemba, hali ilikuwa mbaya zaidi kiutawala. Ofisi ilikwisha kuripoti kwamba miti ile imekufa, ripoti ikagongwa muhuri, na sasa visiki vilikuwa vinachipua. Asukile aliunda kamati ndogo ya kushughulikia ufufuko usio na kibali. Kamati ilikaa, ikala wali kuku, ikaazimia kwamba machipukizi yasitambuliwe.

"Lakini bosi, si yapo pale?" aliuliza Lutengano, mlinzi wa msitu.

"Yapo kiholela. Tangazo letu mmelibandika?"

"Kwenye kila shina, bosi."

"Miti imelipokeaje?"

Lutengano alikuna kichwa. "Bosi, noma. Majani yanadondoka mpaka yamelifunika tangazo lenyewe."

Ndipo Asukile, ambaye zamani alisoma misitu Morogoro na kufaulu vizuri kabla hajapewa kiti cha kuzunguka, alipopata wazo. Kama miti imeshindwa kutimiza wajibu wake, ofisi itautimiza kwa niaba yake. Mpango ukaitwa Ujazaji wa Majani wa Dharura. Na majani mabichi, mapana, ya kupendeza, wilayani Rungwe hayatafutwi. Kila nyumba ina migomba.

Jumamosi alfajiri akabisha hodi kwa Bibi Esnath, ambaye shamba lake limepakana na msitu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo panga?"

"Ni zoezi la kitaifa, bibi. Tunaazima majani ya migomba. Tutayarudisha baada ya ukaguzi."

"Utayarudisha pale juu yalipokuwa?"

"Utaratibu wa kurejesha utaandaliwa."

"Ee Kyala, Mungu wangu! We Asukile, umezaliwa hapahapa Lufingo. Mkungu unanenepeshwa na majani. Ukikata majani kwenye jua hili, ndizi zangu zitabaki vidole vya mtoto. Tutakula taarifa yako?"

"Mchango wako utatambuliwa, bibi," alisema Asukile, akitazama chini. Aliona aibu, kweli aliona, lakini alikumbuka Igogwe, akawaamuru vijana wakate.

Kufikia saa tatu kazi ilikuwa imekwisha. Kila mti ulikuwa umefungiwa majani ya mgomba, kutoka barabarani mpaka ndani kabisa. Na kwa kuwa Asukile alipenda mambo yapendeze, aliagiza migomba mizima miwili isimikwe kwenye njia panda, mmoja kulia, mmoja kushoto.

Hapo ndipo alipoteleza. Mtu yeyote wa Rungwe akikuta migomba imesimikwa njia panda na majani yamepangwa kuelekea mahali, hahitaji kadi ya mwaliko. Kuna harusi, ni huko, nenda. Asukile alilijua hilo tangu utoto, ila siku hiyo kichwani mwake mlikuwa na asilimia mia moja peke yake.

Akina mama walianza kuingia saa nne, na ndizi vichwani. Ikafuata kwaya. Yakafuata matarumbeta ya kanisa, na mara Mchungaji Lukasi naye akashuka kwenye bodaboda, joho likiwa kwapani. Hakuna aliyeuliza nani anaoa, kwa sababu kuuliza ni kukiri kwamba hukualikwa. Kila mmoja alitabasamu kwa tabasamu la mtu anayejua. Masufuria yakainjikwa.

"Bosi, niwafukuze?" aliuliza Lutengano, ambaye tayari alikuwa na sahani mkononi.

"Waandike kama wadau," alisema Asukile, jasho likimtoka.

Mheshimiwa alitarajiwa saa nne, hivyo alifika saa nane. Msururu wa magari yake ulikuwa mrefu kiasi kwamba wa mbele walishuka Lufingo wakati wa nyuma bado wanatafuta soda Tukuyu. Kwa saa zote hizo jua lilikuwa kazini. Majani ya migomba yalikuwa yamekauka, yamejikunja, ya kahawia, yanagongana kwenye upepo.

Mheshimiwa alitazama matarumbeta, akatazama masufuria. "Nimekuja kukagua msitu au kula pilau?"

"Vyote, Mheshimiwa," alijibu Mchungaji Lukasi kwa moyo mkunjufu.

"Vizuri. Bwana harusi ni nani, nimpongeze?"

Kila mtu alimwangalia jirani yake. Asukile aliangaza macho kwenye umati, akamwona Tulia kando ya mgomba wa kushoto, amemshika Neema mkono mmoja na begi la safari mkono wa pili. Begi lilikuwa limejaa. Mdomo wake ukawahi kabla ya ofisi.

"Ni mimi, Mheshimiwa."

"Kaimu au kamili?" Tulia aliuliza kwa sauti, mbele ya watu wote.

"Kamili, mama Neema."

Tulia aliliweka begi chini. Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwashtua hata madereva.

"Matangazo tulikwisha kuyasoma na hakuna aliyepinga," alisema Mchungaji akivaa joho. "Alikuwa amekosekana bwana harusi tu."

Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na Mheshimiwa, ameshiba na amefurahi, akasimama akague. Jani kavu likamwangukia begani.

"Bwana Asukile, huu ni mti gani wenye majani ya mgomba?"

"Ni mti uliosaidiwa, Mheshimiwa."

"Na majani yake yenyewe yako wapi?"

Asukile alikuwa na jibu lililoandaliwa na kamati. Lakini alikuwa mume wa mtu sasa, kamili, na uongo ulimchosha ghafla.

"Umeyaachia wenyewe, Mheshimiwa. Mti si mtoro. Jani linakunywa maji na kuyapoteza hewani. Udongo ukikauka, mti unaachia majani yanayokunywa sana na kuleta kidogo, ili mizizi iishi. Hata kule juu kulikoungua, shina limekufa lakini mzizi uko hai. Ndiyo maana visiki vinachipua."

Mheshimiwa aliduwaa. Si kwamba alikasirika. Hotuba aliyobebewa na msaidizi wake ilihusu ufugaji wa samaki, na hapa alikuwa amepewa nyingine, tamu zaidi, bila jasho. Akadaka kipaza sauti.

"Ndugu zangu! Igeni miti! Natoa agizo: kila ofisi iliyo chini yangu iachie mara moja kile kinachokunywa sana na kuleta kidogo!"

Watu walipiga makofi. Kisha, taratibu, wote wakageuka kuutazama ule msururu wa magari, ambayo yote yalikuwa yananguruma kwa kiyoyozi bila kwenda popote, ili viti visipate joto. Simu zilikuwa zimeinuliwa tangu mwanzo.

Kufikia Jumatatu Agizo la Lufingo lilikuwa limesikika nchi nzima, na Dodoma walilipenda mno. Wakaguzi wakatumwa kulitekeleza. Walitafuta kwa uaminifu ni kipi kinachokunywa sana na kuleta kidogo, na jani la kwanza kudondoka likawa ofisi ya Mheshimiwa mwenyewe. La pili likawa Ofisi ya Nidhamu ya Misitu, pamoja na kiti cha kuzunguka.

Mvua ilirudi Desemba, bila hodi, kama kawaida yake. Msitu ukatoa majani mapya, mekundu kwanza, kisha kijani, wala hakuna mti ulioomba kibali. Asukile alipewa kazi ya bwana misitu wa kata, kazi ndogo ya kuvaa mabuti, na kwenye barua yake hamna neno kaimu. Siku za mapumziko alionekana akibeba majani makavu kwa tenga kutoka msituni na kuyatandaza kwenye mashina ya migomba ya Bibi Esnath. Alikuwa ameahidi kuyarudisha.

Siku moja bodaboda ikasimama kando ya shamba, akashuka mtu mwenye suti iliyorukiwa na matope. Asukile alimtambua kwa shida. Hakuwahi kumwona bila magari.

"Karibu, Mheshimiwa."

"Bwana Asukile, wewe ulisoma mambo haya." Mheshimiwa aliutazama msitu, ukiwa kijani mpaka kileleni. "Jani likishadondoka, kisha mti ukapata maji, lile jani hurudi juu?"

"Halirudi, Mheshimiwa. Mti huotesha jingine."

"Na lile la zamani?"

"Linakuwa mbolea," alijibu Bibi Esnath kutoka katikati ya migomba. "Njoo, baba, shika tenga upande huo."

Mheshimiwa aligeuka kumtafuta msaidizi wake, akakumbuka hanaye, akakunja suruali.