Kopo Lililosimama Foleni na Nusu ya Kichwa cha Somoe

Njooni, enyi nyote mliowahi kuketi chini, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mtu, shingo imepinda, chozi linalengalenga, na sauti juu yenu inasema, "Tulia, bado mstari mmoja," kumbe bado kumi! Nanyi mliowahi kupanga tofali mlangoni mwa duka la ushirika lisimame badala yenu, jongeeni pia, mkeka ni mpana. Sikieni jinsi Winifrida binti Gaudens, mwenye miaka kumi na minne, Mshika Chanuo, Mpasua Mistari, alivyotoka peke yake mchana kweupe, bila ngao wala mkuki, ndala moja imekatika kamba, akaenda kulikomboa donge la nywele lisilozidi kokwa la embe.

Ulikuwa mwaka ule sabuni ilipoadimika hata watu wakafulia majani ya mpapai. Katika nyumba moja ya Kariakoo, yenye vyumba sita na bomba moja uani, waliishi marafiki wawili. Wa chumba cha mbele ni huyo Winifrida, ambaye wazazi wake waliteremka kutoka Rombo wakawa wanauza vitunguu sokoni. Wa chumba cha nyuma ni Somoe binti Awadhi, Mwenye Ulimi Mwepesi, aliyelelewa na bibi yake, Bibi Kijakazi, wakati baba yake akibeba magunia bandarini na mama yake akiwa Lindi kwenye harusi isiyokwisha. Waligawana kila kitu, hata muhogo wa kukaanga, na mara zote kipande kikubwa kilikwenda kwa aliyekuwa na huzuni siku hiyo.

Jumapili moja wakaenda senema, wakaketi safu ya mbele kabisa ambako shingo huuma. Wakaona wasichana wa sekondari, wenye sketi za marinda kama zao, wakikaza macho na viti vikapaa. Wasichana wale wakaapa kupendana milele. Na kabla taa hazijawashwa walikuwa wakirushana wao kwa wao kutoka ghorofani. Mashujaa wetu walitoka na somo la nusu ya kwanza tu.

Kesho yake wakaunda Dola ya Wachawi wa Kidato cha Kwanza, yenye raia wawili. Mwalimu Evarista alipoingia na mtihani wa hesabu, wakamkazia macho. Na lo! Karatasi hazikutosha, mtihani ukaahirishwa. Ushindi gani ulipata kuwa mkubwa kuliko huo? Lakini dola ya raia wawili ilikuwa na wakuu wawili, na hapo ndipo mbegu ya vita ilipoangukia udongo.

Jumamosi, Winifrida alikuwa akimsuka Somoe twende kilioni, ile mistari iliyonyooka kwenda nyuma. Saba ilikuwa tayari, saba imebaki.

"Mimi ndiye niliyeanza kumkazia macho," alisema, akifunga ncha ya mstari wa saba.

"Wewe ulikuwa unapiga chafya," alijibu Somoe kutoka katikati ya magoti. "Nilikuona. Mchawi gani anapiga chafya?"

"Nikipiga chafya ndipo nguvu inapotoka."

"Basi ungekuwa umeshaimaliza shule nzima, shoga, maana una mafua tangu Januari."

Kila mtoto wa mjini anajua kwamba nywele zinazotoka kwenye chanuo hukusanywa, na mwenyewe huzitupa chooni, zisije zikaangukia mikono mibaya. Donge la Somoe lilikuwa pale mkekani. Winifrida alilishika, akaliinua juu, akasema kwa sauti ya kwenye senema:

"Angalia, Somoe. Nywele zako ninazo."

Somoe aligeuka. Uso wake ulikauka kama kitambaa kilichoanikwa. Na Winifrida, lazima isemwe, alihisi utamu, kama mtu aliyelamba sukari mwaka usio na sukari. Mtu alikuwa anamwogopa! Hakuna aliyepata kumwogopa, hata kuku.

"Usiniguse tena," alisema Somoe. Akainuka, upande wa kushoto umesukwa, upande wa kulia umesimama kama msitu uliosikia simba, akaingia ndani na kufunga mlango.

Winifrida akalificha donge ndani ya kopo tupu la maziwa, uvunguni mwa kitanda, akajiambia kwamba mshindi ni yeye.

Jumapili, utamu ulichacha. Kutoka kanisani alipita mbele ya chumba cha nyuma, akamsikia Bibi Kijakazi akibembeleza: "Uji, mjukuu wangu. Vijiko vitatu tu. Basi viwili." Somoe hakuwa amekula tangu jana. Alilala amejifunika khanga hadi kidevuni, akisema kifua kinambana. Macho ya Bibi hayakuona tena mistari ya kichwa, na majirani wawili waliojitolea kummalizia walirudishwa: "Mwenye nywele zangu ndiye mwenye kichwa changu." Na kesho yake ilikuwa Jumatatu, siku ya ukaguzi, ambapo Mwalimu Evarista, Bibi wa Mikasi, alikata hadi ngozini kila kichwa kisicho nadhifu.

Winifrida alipiga magoti, akaingiza mkono uvunguni. Kopo halikuwepo.

"Mama! Kopo langu liko wapi?"

"Lipo kazini," alijibu mama yake, ambaye mtaani aliitwa Mama Polycarp, akimenya vitunguu. "Nimelipeleka foleni likatushikie nafasi ya sabuni. Kwani wewe ulitaka kwenda kusimama?"

Hapo ndipo shujaa alipovaa ndala zake, ile nzima na ile mbovu.

Mbele ya duka la ushirika lilipangwa jeshi lisilo na askari: matofali, mawe, sufuria lisilo na kitako, kiatu cha mguu wa kushoto, na katikati yake, kopo la maziwa. Wenye vitu walikaa kwenye kivuli cha ukuta. Na mbele ya jeshi hilo alisimama Mzee Shomari, mkaguzi wa tiketi mstaafu, Amiri wa Foleni kwa uteuzi wake mwenyewe, aliyemrudisha nyuma hata dada yake wa tumbo moja. Kofia yake ya reli ilikuwa kichwani kama kawaida. Hakuna aliyewahi kumwona bila hiyo.

"Shikamoo, Mzee," alisema Winifrida, mkono tayari uko koponi.

"Marahaba. Mkono!" alinguruma. "Ndugu wananchi! Maadui wa taifa ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Wa nne ni mtu anayesogeza kopo!"

"Silisogezi, Mzee. Natoa kilichomo."

Mzee Shomari akachungulia. Akanyanyua uso polepole. "Nywele," alisema, kwa sauti ndogo, lakini neno hilo halina sauti ndogo.

Ah, maangamizi! Foleni ilivunjika. Wanawake waliruka mawe yao, wanaume walikumbuka shughuli za upande wa Gerezani. Lakini hakuna aliyeondoa tofali lake: hofu ni hofu, na sabuni ni sabuni.

"Kopo la nani hilo?" ilipaa sauti kutoka mbali.

"La Mama Polycarp!"

"Wa vitunguu? Ndiyo maana vyake vinaisha mapema!"

Winifrida akahisi ardhi inayeyuka. Angeweza kukimbia. Ndala moja ingebaki, lakini angefika. Na kesho mama yake angepanga vitunguu sokoni, na watu wangepita mbali. Akasimama wima, donge mkononi, akahutubia taifa:

"Mama yangu hajui lolote! Nywele ni za Somoe, rafiki yangu. Nilimsuka nusu, tukagombana, nikamtisha nazo. Mimi sijui uchawi wowote, najua kusuka tu. Na yeye..." Hapo hotuba kuu ilikatika, ikawa kilio cha mtoto. "Na yeye hajala tangu jana."

Mzee Shomari alitazama kopo, akamtazama msichana. Kisha akafanya jambo ambalo Kariakoo haijalisahau: akavua kofia ya reli. Kichwa kiking'aa juani kama yai lililochemshwa, akainama na kuiweka kofia mahali pa kopo.

"Chukua na kopo lako. Nafasi ya mama yako haipotei," alisema. Kisha akageukia umma. "Mnaogopa nini? Hamjaona mtoto anayerudisha? Mimi zangu zilikwenda zenyewe, na hakuna mchawi aliyezifuata!"

Kicheko kilianzia ukutani, kikazunguka, na foleni ikarudi katika matofali yake.

Somoe aliposikia mlango, hakugeuka.

"Nimezileta," alisema Winifrida.

"Zote?"

"Zote. Zilikuwa zimesimama foleni."

Khanga ilishuka kidogo. "Foleni ya nini?"

"Sabuni."

"Nywele zangu zimepanga foleni ya sabuni?" Tumbo la khanga likatikisika. Somoe hakutaka kucheka, alicheka. Akalipokea donge, akalikagua kama mwenye duka anayekagua mzani. Kisha akashuka kitandani, akaketi mkekani, akapeleka kichwa mahali pake, katikati ya magoti. Bibi Kijakazi aliweka sahani ya muhogo karibu na mkono wake, akatoka nje kuangalia kitu ambacho hakikuwepo.

Winifrida akasuka harakaharaka, kabla mwenye kichwa hajabadili nia. Wa nane, wa tisa, wa kumi. Wa kumi na nne ulipofungwa, mkekani palikuwa na donge jipya. Winifrida akalisogeza kwa mwenyewe, upesi, bila kulitazama.

Somoe alitafuna muhogo wake. Akayaweka madonge yote mawili katika kiganja cha Winifrida.

"Katupe wewe," alisema.

Na hakuna balozi wa mfalme yeyote aliyewahi kuvuka uwanja kwa hadhi kama Winifrida alivyovuka ua ule kwenda chooni.

Jumatatu, Mwalimu Evarista alipita mstarini, mikasi mkononi, akasimama mbele ya Somoe. Mistari ya kushoto ilikuwa imeanza kufumuka. Ya kulia ilikuwa mipya, imekazwa, na imepinda kidogo.

"Wamekusuka watu wawili?"

"Hapana, Mwalimu. Mtu mmoja, siku mbili."

Mwalimu aliutazama mstari uliopinda, akamtazama msichana wa pili aliyekuwa ameacha kupumua. Mikasi ikarudi mfukoni.

Basi iandikwe, na watoto wasomewe: katika mwaka wa majani ya mpapai, kichwa kimoja cha Kariakoo kilianzwa na kikamalizwa na mikono ileile, kofia ya reli ilipata sabuni, na Winifrida binti Gaudens, aliyekuwa mchawi kwa muda wa wiki moja, alipiga chafya kwenye mstari wa shule, na rafiki yake akamwambia, "Afya."