Linux Kabla ya Ijumaa

Jumanne, 2 Juni 2009
Nahama Windows. Uamuzi ni wa mwisho. Flashi za madereva wa malori zimeniletea virusi mara nne tangu Pasaka. Programa makini hawezi kuishi hivi. Na mimi ndiye programa pekee Tunduma, ukimwacha Lusubilo wa duka la fotokopi, anayechora majedwali na kujiita mtaalamu.

Ijumaa saa nne asubuhi namwonyesha Mama Happy, wakala wa forodha, programu yangu ya kuandikisha malori. Akiipenda, kazi ni yangu. Asipoipenda, dada Agnes, ninayeishi kwake, ameshasema narudi Iyula kumsaidia baba kuchuma kahawa. Kasema huku anacheka. Agnes akicheka, ujue hatanii.

Jumatano, 3 Juni
Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kutafuta CD ya Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows. Nimefika saa tatu, duka halijafunguliwa. Nilisahau kuwa Wazambia wako nyuma yetu kwa saa moja. Nimekaa juu ya ndoo nikiwasikitikia. Watu wazima, na bado wanaishi kwenye saa iliyokwisha kupita.

Muuzaji kanipa CD mbili, za Linux za aina mbili. Moja nyongeza. Mtu muungwana sana.

Alhamisi, 4 Juni
Nimeiweka Linux. Inapendeza. Inawaka haraka, haina kirusi hata kimoja. Katikati ya kazi ilionyesha picha ya saa, ikauliza mji ulio karibu nami, ikaleta Dar es Salaam na Lusaka. Nimechagua Lusaka. CD ni ya upande ule, si vizuri kuivunjia heshima. Isitoshe, malori yanaelekea huko huko. Lazima mtu awaze kimataifa.

Kioo cha simu yangu kimepasuka, sioni kitu. Saa naangalia kwenye kompyuta.

Ijumaa, 5 Juni
Siku mbaya. Nimeingia kwa Mama Happy saa nne kamili, nikamkuta amekunja uso, anasema ni saa tano. Saa yake ya ukutani inakimbia. Nimemshauri aitazame betri. Hakushukuru.

Tukaandikisha lori la dereva mmoja, Mabula, aliyekuwa amesimama pale pale. Saa ya kufika akaitaja mwenyewe, ya kuruhusiwa kompyuta ikaijaza. Karatasi ikatoka safi. Mama Happy akaisoma mara mbili, akauliza lori lililofika saa nne na nusu limeruhusiwaje saa nne na dakika kumi. Nikamweleza kuwa hiyo ndiyo kasi ya Linux.

Mabula alicheka mpaka akashika meza. Lusubilo, aliyekuwa ameleta fotokopi, akaniuliza kama siku hizi nimehamia Nakonde. Wivu tu.

Nimeomba nafasi nyingine. Nimepewa Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi. Nikichelewa hata dakika tano, kazi anapewa Lusubilo. Nimeumia, sifichi. Nimenunua karanga, nikala peke yangu nyuma ya maegesho ya malori.

Jumapili, 7 Juni
Nimesali, nimewaza, nimeligundua tatizo. Ni ile Linux. Nilichukua ya watu wasio na haraka. Nimeifuta, nimeweka ya pili. Programu yenyewe iko salama kwenye flashi. Hii mpya ni ya bluu, rangi inayotia imani.

Nayo ikauliza mji. Lusaka, bila kusita. Kubadilisha mambo mengi kwa mpigo ni hatari.

Jumatatu, 8 Juni
Nimeamka vizuri. Shati limepigwa pasi. Kompyuta inasema saa mbili na dakika tano, na ofisi ya Mama Happy ni dakika kumi kwa miguu. Nina muda wa chai, chapati mbili na kuandika haya kwa utulivu.

Dada Agnes amegonga mlango mara mbili akisema nimeshachelewa. Hana kompyuta, namsamehe. Naona ameweka kikapu cha kuchumia kahawa pale mlangoni, na begi kando yake. Sijui nani anasafiri.