Pepo Mbili Chini ya Lori

Jumatatu, 4 Machi 2002

Habari njema! Barabara ya Kpandroma imefunguliwa. Askari wameondoa magogo yao. Kwa muda gani, hakuna ajuaye. Dada yangu mkubwa, Dorothée, anayeishi huko, aliyevunjika nyonga na ambaye majirani zake wengi wamekimbia, ameleta ujumbe kwa foni, ile redio ya kuitana: "Mutume kamio yoyote." Ilipasa kuwa "lori lolote". Maumivu huharibu sarufi.

Katsuva, mfanyabiashara wa Butembo tunayepakana naye hapa mtaani Saio, anaondoka kesho. Amejitolea kumleta. Nimekataa kwa adabu. Resori, yaani springi, za lori lake ni chuma kitupu, na kila shimo huliruka kama mbuzi. Nyonga ya dada yangu isafiri hivyo? La! Nimemwagiza amwambie anisubiri mimi.

Shemeji yangu Baudouin ana lori lililolala. Fundi Isidore ana mifuko miwili minene ya mpira, iliyotolewa kwenye basi lililokufa, ambayo hujazwa upepo ili gari lielee. Tutaondoa resori za nyuma na kuweka upepo. Dada atasafiri kama yai ndani ya pamba. Katsuva atatazama.

Jumatano, 6 Machi

Kazi haikuisha jana. Isidore alikata bolti zilizoshikwa na kutu, akaondoa mabamba ya resori, akabakiza moja tu kila upande ili ekseli isikimbie. Akachomelea sahani za chuma, akakalisha mifuko, akavuta mpira mwembamba kutoka tangi la upepo wa breki.

Leo tumewasha injini. Lori limenyanyuka kwa makalio kwanza, kama ng'ombe! Nimepiga makofi peke yangu. Baudouin ameuliza resori zake ziko wapi. Nimemjibu kwamba hatazihitaji tena. (Isidore amekwisha kuziuza kwa wafua majembe. Baudouin hajaulizia hilo.)

Mke wangu, Emérance, amesema kwamba kama ningemwachia Katsuva, wifi yake angekuwa njiani sasa. Wanawake hawaelewi ekseli.

Alhamisi, 7 Machi

Tatizo dogo. Dereva hakubali kwenda bila abiria. Lori tupu kwenye njia ile hudhaniwa linakwenda kubeba askari, nalo hupigwa risasi. Basi, nahitaji akina mama wa sokoni wanaofuata maharagwe huko juu.

Nimeandika tangazo kwa rangi nyeupe ubavuni mwa lori. Upepo, wingi wake pepo. Kanuni niliyofundisha miaka yangu yote. Mifuko ni miwili. Kwa hiyo:

LORI HILI LAKAA JUU YA PEPO MBILI. KARIBUNI.

Hati nzuri sana. Nukta mahali pake.

Ijumaa, 8 Machi

Aibu! Mama Véronique, mkuu wa wauza maharagwe, alikwisha kupandisha kikapu. Akasoma ubavu wa lori. Akashusha kikapu. Akapiga kelele: "Mulimu, siye tunakimbia vita, na weye unatupandisha juu ya pepo? Na iko mbili!" Wote wakashuka, mmoja kwa kuruka.

Nikasimama juu ya boneti na kuwaeleza ngeli ya U. Mwanamke mmoja akasema nanena kwa lugha. Kikundi cha maombi kikaja, kikaweka mikono juu ya magurudumu, kikakemea. Wakati huohuo kifuniko cha mfuko wa kushoto kikaachia, upepo ukatoka kwa mluzi mrefu, lori likalala upande. Haleluya zikasikika hadi ng'ambo ya soko.

Emérance amenisihi nifute, niandike tu "mupepo", kama watu wa hapa wanavyouita upepo, watu wapande, dereva aondoke kesho alfajiri. Mupepo! Neno hilo halina umoja wala wingi wala aibu. Sikufuta.

Jioni Katsuva amerudi. Bila dada. Anasema alimkuta ameketi kando ya barabara, mkeka umekunjwa, tayari. Alipompa ujumbe wangu, dada alikataa kupanda. Aliwaambia watu wote kwamba mdogo wake anakuja na kamio ya kulala. Katsuva hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Jumamosi, 9 Machi

Nimefuta alfajiri. Nimeandika UPEPO, umoja. Isidore amefunga upya kifuniko. Mama Véronique amekubali, baada ya kunusa matairi.

Tumefika kwenye kizuizi cha askari. Magogo yamerudishwa. Wamesema huko mbele wanapigana tangu usiku. Nimewaomba, nimewataja wazazi wao. Mmoja amesifu jinsi lori linavyoelea.

Tumerudi. Njia nzima sikuhisi shimo hata moja.

Alhamisi, 21 Machi

Dada amefika.

Amefika akiwa amefungwa kwa kitenge juu ya kiti cha nyuma cha baiskeli, ikisukumwa na wakimbizi wawili kupitia vijia vya mashambani, siku baada ya siku. Baiskeli haina resori. Nyonga imevimba, uso umepungua nusu. Nilipopiga magoti alinishika kichwa kama nilipokuwa mtoto, akasema: "Ulipenda nyonga yangu kuliko mimi."

Nimelia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Ijumaa ile angekuja akitetemeka juu ya maharagwe ya Katsuva, lakini angekuja. Sina kanuni ya kujitetea.

Emérance amemlaza chumbani kwetu na kutuamuru sote tumwache apumzike.

Nimesimama mlangoni nikimtazama. Kitanda ni cha mbao tupu. Kila akigeuka, analalamika. Baudouin anataka mifuko itolewe chini ya lori lake. Nimempima Dorothée kwa macho: ni mwepesi, mfuko mmoja wa upepo ungetosha, lakini miwili ingekuwa bora zaidi.

Isidore anakuja kesho na msumeno. Emérance atakuwa kanisani.